Goti bovu na mazoezi ya nguvu: nyumbani, jimu, majini au baiskeli?

Ukianza kuchechemea, kila mtu anakuwa daktari. Mmoja atasema upumzike kabisa, mwingine uende jimu ukakaze misuli, shemeji aliyewahi kucheza mpira atakuelekeza baharini, na jirani ataleta bamia ili ute wa goti urudi. Bamia ni mboga nzuri, ila utelezi wake huishia tumboni, haufiki gotini. Kupumzika nako kuna mwisho wake. Gegedu, ule utando laini unaofunika ncha za mifupa, haina mishipa ya damu. Hulishwa na ute unaoingia na kutoka pale goti linapobanwa na kuachiwa. Na msuli mkubwa wa mbele ya paja, unaozuia goti lisikunjike ghafla unaposhuka ngazi, husinyaa upesi goti likiuma au likijaa maji. Ukikaa miezi mitatu kwenye kochi, utainuka na goti lilelile na paja jembamba zaidi.

Kwa hiyo mazoezi yafanyike. Swali ni wapi na kwa njia gani. Hapa nimelinganisha njia nne ambazo wengi wetu tunaweza kuzifikia: nyumbani kwa uzito wa mwili, jimu kwa mashine na vyuma, majini, na baiskeli. Ninaowazungumzia ni wenye maumivu ya muda mrefu: goti linalosagika kwa umri, maumivu ya mbele kuzunguka pia ya goti (kile kifupa cha duara kilicho mbele ya goti), au jeraha la zamani lililopona likaacha udhaifu.

Wapo ambao ulinganisho huu hauwahusu kwa sasa, na waende hospitali kwanza. Goti likivimba ghafla likawa jekundu na la moto huku una homa, hilo ni jambo la siku hiyohiyo. Vilevile ukianguka na bodaboda ukashindwa kukanyagia mguu, au goti likikwama kiasi kwamba halikunjuki wala halikunjiki, au likiachia ghafla kila mara unapogeuka. Shavu la mguu likivimba na kuuma upande mmoja, usilikande wala usilifanyishe mazoezi: huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Goti linaloalika tu bila kuuma wala kuvimba halina haja ya kukutisha.

## Vipimo vya kulinganishia

Cha kwanza ni mzigo unaolifikia goti. Katika hospitali ya Charité huko Berlin, watafiti waliwawekea wagonjwa wachache magoti ya bandia yenye vipima nguvu ndani yake, kisha wakawapima wakifanya shughuli za kawaida. Kutembea mahali tambarare kulilibebesha goti takriban mara 2.6 ya uzito wa mwili. Kuinuka kitini, karibu mara 2.5. Kupanda ngazi, zaidi ya mara 3, na kushuka, karibu mara 3.5. Baiskeli ya mazoezi iliyowekwa mzigo mwepesi ilifika kama mara 1.2. Kwa mtu wa kilo 70, kila kidato anachoshuka kinamfikisha kwenye kilo 240 hivi gotini, na kila mzunguko wa pedali kilo 85 hivi. Ila usiisome orodha hiyo ukadhani chenye namba ndogo ndicho bora. Msuli usiopewa kazi haukui.

Cha pili ni nguvu inayojengwa: je, njia hii inaweza kuongezewa uzito kidogo kidogo kwa miezi, au inafika mahali inasimama?

Cha tatu husahaulika, nami ndicho ninachokianza nikiulizwa: unataka goti likufanyie kazi gani? Kuchuchumaa chooni, kukaa tahiyatu, kupalilia kwa jembe, kushuka kwenye daladala ambayo haijasimama sawasawa, kupanda hadi ghorofa ya nne kwenye jengo lisilo na lifti. Hizi ni kazi tofauti, na zoezi zuri kwa moja laweza lisiisaidie nyingine.

Cha nne ni gharama na usumbufu, maana mazoezi ya goti huhesabiwa kwa miezi. Nguvu ya kuonekana huja baada ya wiki 6 hadi 12 za kufanya mara mbili au tatu kwa wiki. Cha tano ni pa kujihadhari, kwa kuwa kila njia ina namna yake ya kuliumiza goti.

Kuhusu maumivu yenyewe, ipo kanuni moja inayofaa kote. Yape alama kutoka 0 hadi 10. Hadi 2, endelea. Kati ya 3 na 5, unaweza kuendelea alimradi hayapandi. Yakizidi 5, punguza uzito, kina au idadi. Halafu subiri kesho yake: ndani ya saa 24 goti linapaswa kuwa limerudi lilivyokuwa kabla ya mazoezi. Likiamka limevimba au limekaza kuliko kawaida yake, dozi ilikuwa kubwa. Usiache, punguza. Na usimeze diklofenaki ili upate kufanya mazoezi. Utakuwa umezima kengele unayoihitaji, na dawa hiyo ikizoewa ina madhara kwa tumbo, figo na shinikizo la damu.

## Nyumbani: kiti, ukuta na mpira wa kuvuta

Mzigo gotini. Unaupanga mwenyewe, na kipimo chako ni kimo. Anza na ambayo hayakunji goti kabisa: kaa mguu umenyooka, taulo iliyokunjwa chini ya goti, likandamize kwa kukaza paja, hesabu hadi 5, achia. Kisha lala chali uunyanyue mguu ulionyooka kama shubiri moja na nusu. Yakiwa rahisi, nenda kwenye kuinuka kitini bila kushika mikono. Kiti kirefu ni chepesi kwa goti, kifupi ni kizito, kwa hiyo anza na mto au mito miwili juu ya kiti, uitoe mmoja mmoja kadiri wiki zinavyopita. Kuegemea ukuta na kushuka kidogo nako ni hivyohivyo: shuka hadi pale alama ya maumivu inaporuhusu, ubaki hapo bila kusogea, uinuke. Mwisho ndipo panapokuja kupanda kidato kimoja na kushuka polepole kwa mguu mmoja. Zoezi hilo linaonekana dogo, lakini kwa goti bovu ndilo zito kuliko yote.

Nguvu inayojengwa. Ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Denmark ilianzisha mwaka 2013 programu iitwayo GLA:D kwa wenye magoti na nyonga zinazosagika: masomo mawili ya kuelewa tatizo, kisha vipindi 12 vya mazoezi ya pamoja, mara mbili kwa wiki kwa wiki 6. Ukiyatazama mazoezi yenyewe, mengi ni ya kiti, kidato, mkeka na mpira wa kuvuta. Kinachokaziwa ni namna mguu unavyokaa: goti lielekee vidole vya mguu, lisianguke kwa ndani.

Hapo ndipo nyonga inapoingia. Wengi wenye maumivu kuzunguka pia ya goti wana nyonga dhaifu, na paja linapogeukia ndani, hiyo pia ya goti haipiti njia yake. Kulala ubavu na kuinua mguu wa juu, kulala chali na kuinua makalio, kutembea ubavuubavu mpira ukiwa umezunguka mapaja: haya watu huyaruka kwa kuwa hayagusi goti. Yasirukwe.

Mpaka wake ni kwamba mwenye miguu imara, baada ya miezi miwili au mitatu, uzito wa mwili haumsumbui tena. Anaweza kuongeza kwa kufanya mguu mmoja mmoja, kushuka kwa kuhesabu hadi 4, au kukumbatia mfuko wa mchele wa kilo 5. Baada ya hapo nyumba inaanza kuwa ndogo.

Kazi za kila siku. Hapa nyumbani pana sifa ambayo njia nyingine hazina: zoezi lenyewe ndiyo kazi. Anayetaka kurudi kuswali bila kiti anaweza kupiga magoti juu ya godoro, akaweka mto mnene kati ya makalio na visigino, akaupunguza unene wiki baada ya wiki. Anayetaka kuchuchumaa ashike nguzo au kitasa cha mlango uliofungwa vizuri, ashuke sentimita chache zaidi kila baada ya siku kadhaa. Lakini si kila goti litafika chini. Lililosagika sana halitakunjika kama la kijana, na kiti cha kuswalia au choo cha kukaa si aibu.

Gharama na usumbufu. Karibu bure. Mpira wa kuvuta hauna bei kubwa, na tyubu ya baiskeli iliyochakaa ikikatwa na kufungwa vizuri inafanya kazi ileile. Usumbufu ni wa kibinadamu: mgeni amebisha hodi, mtoto analia, leo nimechoka. Hulipii, kwa hiyo hakuna kinachokuuma ukiacha. Wanaofaulu, nionavyo, ni wale walioyafunga mazoezi kwenye jambo lisilokosekana, kama baada ya swala ya alfajiri au kabla ya taarifa ya habari.

Pa kujihadhari. Kiti cha plastiki juu ya vigae huteleza. Kiegemeze ukutani. Na kwa kuwa hakuna anayekutazama, jirekodi kwa simu ukiinuka kitini, uangalie kama goti linaingia ndani.

Inamfaa nani. Anayeanza, mwenye maumivu yanayopandapanda, mama mwenye watoto wadogo, mzee asiyeweza safari, na yeyote ambaye shida yake hasa ni kazi za kukunja goti. Haimfai sana mtu anayehitaji kusukumwa.

## Jimu: mashine na vyuma

Mzigo gotini. Unapimika kwa kilo, na hiyo ni nafuu kubwa. Mashine inashika mgongo, huhitaji kujisawazisha usianguke, na unaweza kuanza chini ya uzito wako mwenyewe. Mtu mnene ambaye kuinuka kitini kunamuuma anaweza kusukuma kilo 20 kwa miguu akiwa ameegemea, bila maumivu. Kwake yeye mashine ni nyepesi kuliko nyumbani, ingawa wengi hudhani kinyume.

Mashine mbili zinahitaji maelezo, maana ndizo zinazogombaniwa. Ya kusukuma kwa miguu, ile unayokaa au kulala na kuukandamiza ubao, huibana zaidi pia ya goti kadiri goti linavyokunjika. Ya kunyoosha goti, ile unayokaa na kuinua upau kwa vifundo vya miguu, hufanya kinyume: mbano huwa mkali zaidi karibu na mwisho, mguu unapokaribia kunyooka. Ukihesabu mguu ulionyooka kuwa nyuzi 0 na goti lililokunjwa kama la mtu aliyekaa kitini kuwa nyuzi 90, basi mwenye maumivu ya pia ya goti husukuma vizuri kati ya 0 na 45, na hunyoosha vizuri kati ya 90 na 45. Ukizitumia zote mbili hivyo, msuli unafanya kazi safari nzima na goti halibanwi mahali linapolalamika. Anayekuambia mashine ya kunyoosha goti ni sumu kwa kila mtu amekariri. Kwa aliyefanyiwa upasuaji wa kano ya ndani ya goti, lini na kwa nyuzi ngapi ni uamuzi wa daktari na mtaalamu wake wa fiziotherapia.

Usisahau mashine ya kukunja goti kwa ajili ya nyuma ya paja, na kusimama kwa vidole kwa ajili ya shavu la mguu.

Nguvu inayojengwa. Hakuna njia kati ya hizi inayoifikia. Unaongeza kilo 2 na nusu, unaona imepita, unaongeza tena. Kwa kijana mwenye jeraha la zamani anayetaka kurudi uwanjani, au mtu ambaye paja moja limepungua waziwazi kuliko lingine, hapa ndipo pengo linapozibwa.

Ila uzito mkubwa usidhaniwe kuwa dawa ya maumivu. Utafiti uitwao START, uliofanyika North Carolina nchini Marekani na kuchapishwa mwaka 2021, uliwafuatilia watu 377 wenye magoti yanayosagika kwa miezi 18. Waliobeba vyuma vizito hawakupata nafuu ya maumivu kuwazidi waliobeba vyepesi, wala hata kuwazidi kundi lililokuwa likihudhuria vikao vya mafunzo ya afya. Matokeo hayo hayanifanyi nivikimbie vyuma. Yananiambia kwamba mwenye goti linalosagika aingie jimu kwa kuwa anataka nguvu na anapapenda, na akiwa anabeba kiasi cha wastani asijione mvivu.

Kazi za kila siku. Nguvu ya jimu husaidia ngazi, kubeba mizigo, kusimama muda mrefu dukani. Kuchuchumaa na kupiga magoti havifundishwi na mashine. Itabidi uviongeze mwenyewe pembeni.

Gharama na usumbufu. Ada ya mwezi, nauli, foleni ya saa kumi na moja jioni, na kwa akina mama wengi swali la kama pana chumba au saa za wanawake peke yao. Halafu kuna jimu na jimu. Ile ya mtaani yenye vyuma vya kuchomelea na vya zege ina moyo sana na bei ndogo, lakini mara nyingi haina mashine nilizozitaja, na mwenye goti bovu hana la maana pale zaidi ya anachoweza kukifanya nyumbani. Kabla ya kulipa, ingia uangalie: zipo? Zinafanya kazi? Uzito wa chini kabisa ni kilo ngapi?

Pa kujihadhari. Mkufunzi anayekupigia kelele "maliza kumi!" wakati alama ya maumivu imefika 7. Madarasa ya kurukaruka kwa muziki, hasa kwenye sakafu ya vigae. Na wenye shinikizo la damu wasibane pumzi wanaponyanyua: toa pumzi unaposukuma, vuta unaporudisha.

Inamfaa nani. Mwenye uwezo wa kulipa na kufika, anayepungukiwa nguvu waziwazi, mwenye uzito mkubwa anayehitaji mashine imshike, na mtu ambaye asipotoka nyumbani hafanyi.

## Majini: bwawa au bahari

Mzigo gotini. Mdogo, na unaurekebisha kwa kina. Maji yakifika kiunoni, miguu inabeba karibu nusu ya uzito wako. Yakifika kifuani, kama theluthi. Yakifika shingoni, karibu sehemu moja ya kumi. Mtu ambaye kila hatua ya nchi kavu ni kilio anaweza kutembea majini nusu saa. Wala huhitaji kujua kuogelea: kutembea mbele, nyuma na ubavu, kuinua magoti, kupiga teke taratibu ukiwa umeshika ukingo, yanatosha.

Nguvu inayojengwa. Ya mwanzo ndiyo, ya mbali hapana. Maji yanakinza zaidi kadiri unavyokwenda kasi, hivyo kuna kazi ya kweli, lakini uzito wa mwili ulioondolewa ndio huohuo ambao paja lingeutumia kujijenga.

Kazi za kila siku. Kujiamini na kulegea kwa goti lililokaza huongezeka. Ngazi utalazimika kuzifanyia mazoezi nje ya maji.

Gharama na usumbufu. Mabwawa mengi ni ya hoteli na hutoza kiingilio. Wa pwani wana bahari, lakini bahari ina ratiba yake. Coco Beach ya Dar es Salaam maji yakikupwa unaweza kutembea mbali sana kabla hayajafika kiunoni, na kwenye mawe ya chini goti linapata shida kuliko barabarani. Nenda maji yakiwa yamejaa na yametulia, vaa viatu vya mpira, na usiende peke yako. Wanawake wengi huingia alfajiri na dera. Dera likilowa huwa zito na hunasa miguu, bora suruali ya kubana chini ya shati refu.

Pa kujihadhari. Kuogelea kwa mtindo wa chura hulipinda goti kwa ndani kila teke, na wenye maumivu ya upande wa ndani hawaupendi. Wa Mwanza, Musoma na Kisumu wakumbuke kichocho: ufukwe wa ziwa si mahali pa kutembea majini nusu saa kila wiki. Kwao bwawa lenye maji yaliyotibiwa, au njia nyingine.

Inamfaa nani. Mwenye maumivu makali sasa hivi, mwenye uzito mkubwa sana, mwenye magoti yote mawili mabovu. Humfaa zaidi kama daraja la kuelekea nchi kavu.

## Baiskeli

Mzigo gotini. Namba ya Charité tumeiona: kama mara 1.2 ya uzito, mzigo ukiwa mwepesi. Ukikaza gia au ukapanda mlima, inapanda. Baiskeli ya gia moja, zile Phoenix za chuma, haikuachii uchaguzi kwenye mlima, kwa hiyo shuka uisukume.

Nguvu inayojengwa. Ya wastani, zaidi ni ustahimilivu wa paja na moyo. Nyonga na nyuma ya paja hupata kidogo.

Kazi za kila siku. Hulainisha goti lililokaza asubuhi kuliko kitu chochote ninachokijua. Haikufundishi kushuka ngazi wala kuchuchumaa.

Gharama na usumbufu. Tanga, Morogoro au Shinyanga, ambako baiskeli ni usafiri, huenda tayari unayo. Dar es Salaam na Nairobi barabara yenyewe ndiyo hatari. Hapo ile isiyotembea, ya jimu au ya kununua mtumba ukaiweka sebuleni, ina akili zaidi.

Pa kujihadhari. Kiti. Watu wengi hukaa chini mno, goti linakunjika sana kila mzunguko, na maumivu ya mbele yanazidi. Weka kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litabaki na mkunjo mdogo unaotakiwa. Kiti kikiwa juu kupita kiasi, nyonga zitayumba na nyuma ya goti itauma.

Inamfaa nani. Mwenye goti linalokaza, anayetaka kupunguza uzito bila kukimbia, na mtu ambaye mazoezi ya kuhesabu yanamchosha akili.

## Kuchagua kwa hali yako

Kama maumivu sasa yako juu ya 5 hata kwa kutembea, anza majini ukiweza, au kwa mazoezi ya nyumbani yasiyokunja goti. Wiki mbili tatu zikipita na asubuhi zikiwa tulivu, ongeza kuinuka kitini.

Ukiwa na miaka 60 na zaidi, goti linasagika, na lengo ni kuswali, kwenda chooni na kufika sokoni, nyumbani panatosha. Baiskeli ya sebuleni kwa dakika 10 kabla ya kuanza italilegeza goti.

Uzito ukiwa sehemu kubwa ya tatizo, usichague njia inayokuchosha haraka. Utafiti umeonyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti kama kilo nne kwa kila hatua, kwa hiyo kilo tano tu ni habari kubwa. Baiskeli au maji kwa ajili ya muda mrefu, pamoja na mashine ya kusukuma kwa miguu au kiti kirefu nyumbani kwa ajili ya paja. Sahani, hata hivyo, ndiyo itakayopunguza zaidi.

Kijana uliyeumia mpirani na ukaruhusiwa na daktari: jimu, na pima mguu mmoja mmoja. Mguu mzima usiubebee mbovu. Ukirudi uwanjani wakati paja moja bado ni jembamba, goti litakukumbusha.

Maumivu ya mbele ya goti kwa dereva, mshona nguo au mtu wa ofisini anayekaa siku nzima: mazoezi ya nyonga nyumbani mara tatu kwa wiki, na uinuke kila baada ya muda. Baiskeli ije baadaye, kiti kikiwa sawa.

Aliyepangiwa kubadilishiwa goti, iwe Taasisi ya Mifupa Muhimbili au kwingineko, asikae kusubiri tarehe. Atakapoamka baada ya upasuaji atalitegemea paja alilonalo. Njia yoyote kati ya hizi nne inafaa, ile isiyomuumiza zaidi kesho yake.

Na mwenye fedha ya ada ya mwezi mmoja tu wa jimu, na hajui mwezi wa pili itatoka wapi, ningemshauri aitumie kumwona mtaalamu wa fiziotherapia mara moja, amwonyeshe mazoezi manne au matano ya goti lake, ayarekodi kwenye simu, kisha apitie kwa fundi baiskeli kuulizia tyubu ya zamani.